Mita 84 kutoka katikati ya lami: kisa cha nyumba moja ya Barabara ya Morogoro

Tepu ilikuwa ya mita 50, kwa hiyo iliwabidi waivute mara mbili. Kijana mmoja alisimama katikati ya lami, kakanyaga sifuri kwa kisigino, mabasi ya mikoani yakimpigia honi huku na huku. Mwenzake akashuka mtaroni, akapanda upande wa pili, akapita mbele ya kibanda cha chipsi, akachomeka kijiti. Hamsini. Wakaanza upya kutoka kwenye kijiti. Tepu ilipogusa kibaraza cha baba mdogo wangu, yule wa mbele aliinama, akasoma, akafuta jasho.

"Thelathini na nne. Jumla themanini na nne, mzee."

"Kwa hiyo?" baba mdogo akauliza.

"Kwa hiyo uko ndani."

Wa tatu ndiye aliyebeba rangi. Alichora X nyekundu ukutani, kati ya dirisha la sebule na mlango wa fremu ya duka, akaongeza tarehe chini yake, wakaenda kwa jirani. Kazi yote haikuchukua dakika kumi. Nyumba yenyewe ilichukua miaka kumi na miwili kuisimamisha.

Hiyo ilikuwa 2017, upande wa Kibamba, Dar es Salaam, na wakazi wa Kimara hadi Kiluvya wanaujua mwaka ule. Nyumba zaidi ya 1,000 zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro kupisha upanuzi. Nimefanya kazi ya upimaji wa viwanja kwa muda mrefu, nikiwa fundi tu, si mwanasheria, na kisa hiki kimenikaa kichwani kwa sababu mbili. Kwanza, kilinigusa nyumbani. Pili, kila nikikipitia upya naona kwamba sisi wenyewe, mimi nikiwemo, tulikwenda kujitetea na makaratasi yasiyo sahihi.

Mita 121.5

Tuanze na namba, maana ugomvi wote umejengwa juu yake. Msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, katika eneo lile ni mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Ukijumlisha pande mbili ni mita 243. Uwanja wa mpira wa kimataifa una urefu wa mita 105. Maana yake ni kwamba ukitoka katikati ya lami unatembea uwanja mzima, goli hadi goli, na ukishavuka goli la pili bado una hatua kumi na sita ndani ya ardhi ya barabara. Kila kilomita moja ya barabara inabeba ekari 60 za hifadhi.

Upana huo haukubuniwa 2017. Mizizi yake iko kwenye sheria ya barabara kuu iliyotungwa na Waingereza mwaka 1932, pamoja na matangazo yaliyofuata chini yake. Aliyeichora njia hiyo alikuwa na jicho la mbali, tumpe haki yake. Hii ndiyo barabara inayotoka bandarini kwenda Morogoro, inagawanyika kwenda Dodoma na kanda ya ziwa, na mkono mwingine unakwenda Iringa, Mbeya hadi mpakani Tunduma. Mtu aliyeona mbele alijua kwamba siku moja njia mbili hazitatosha.

Lakini kuna namba ya pili, na hii ndiyo iliyowachanganya watu. Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya mkoloni, inaweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande. Kabla ya hapo kipimo kilichozoeleka nchini kilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndiyo maana mikoani ulizaliwa utaratibu wa rangi mbili. Nyumba iliyo ndani ya mita 22.5 hupata X nyekundu: umeivamia barabara, vunja mwenyewe, hakuna fidia. Nyumba iliyo kati ya mita 22.5 na 30 hupata X ya kijani: sheria ya 2007 imekukuta hapo, utathaminiwa na kulipwa kabla ya kuondoka. Mita saba na nusu zinaamua kama mtu atahama na hundi au atahama na mabati yake kichwani.

Watu wa barabara wana kauli moja fupi kwa jambo hili zima, na ukiwa karibu nao utaisikia kila siku: je, wewe uliifuata barabara, au barabara ndiyo iliyokufuata wewe?

Sasa mrudie baba mdogo. Nyumba yake iko mita 84. Kwa kipimo cha 2007, mita 30, yuko nje kabisa, barabara haina hata neno naye. Kwa kipimo cha 121.5 yuko ndani kwa mita 37 na nusu. Nyumba ni ile ile na lami ni ile ile. Hoja iliyorudiwa sana na wakazi ilikuwa hiyo: sheria mpya imesema 30, hiyo 121 inatoka wapi? Jibu la Serikali lilikuwa kwamba hii barabara ina upana wake maalumu uliowekwa zamani, na upana huo haukufutwa na sheria mpya.

Nitasema ninavyoona. Kisheria jibu la Serikali lina miguu ya kusimamia. Sheria inayoweka kipimo cha jumla haifuti kirahisi kipimo maalumu kilichotangazwa kabla, na 2007 haikuja kupunguza hifadhi za barabara bali kuziongeza. Waliosema mita 30 inatosha kuwaokoa walikuwa wanategemea tawi jembamba. Kulikuwa na tawi nene zaidi, nitalifikia.

Alichokuwa nacho mkononi

Baba mdogo alinunua kiwanja mwaka 1994. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo ya miaka sabini, mwenyeji wa pale pale, aliyekuwa anagawa shamba lake kipande kipande kadiri nguvu zilivyomwisha. Mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, mjumbe wa nyumba kumi akashuhudia, kikapigwa muhuri kwenye ofisi ya kijiji. Mwaka 1996 vikasimama vyumba viwili vya nyuma. Kisha sebule. Kisha, alipostaafu ualimu, fremu mbili za mbele: moja ya duka la vifaa vya shule, nyingine akampangisha fundi cherehani.

Siku ya pili baada ya X kuchorwa alinitandikia makaratasi yote juu ya meza. Aliyapanga kama mtu anayepanga karata akijua atashinda. Hati ya mauziano. Risiti ya kuunganishiwa umeme. Ankara za maji. Stakabadhi za kodi ya majengo, mwaka hadi mwaka, nyingine zimefifia hadi husomi. Leseni ya biashara ya duka. Michango ya ujenzi wa shule ya msingi ya mtaa, ambayo yenyewe ilikuwa imepigwa X.

"Hebu niambie, baba," akasema. Wazee wa kwetu humwita mtoto wa kaka yao hivyo wakitaka amsikilize. "Mtu anakutoza kodi ya nyumba miaka kumi na tano, halafu anakwambia nyumba haipo?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninalo, ila si tamu.

Kodi, umeme, maji na leseni havithibitishi umiliki wa ardhi iliyo ndani ya hifadhi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inagawa ardhi ya nchi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi iliyotengwa chini ya sheria ya barabara kuu iko kwenye kundi la tatu, sawa na misitu na mbuga. Ofisi ya mtaa haina mamlaka ya kugawa ardhi hiyo, kwa hiyo muhuri wake hauipi uhai. Ofisa wa umeme akikuwekea mita, amekuuzia umeme, hajakuuzia kiwanja. Na mahakama kwa kawaida hazikubali kwamba kosa la ofisa mmoja linaweza kufuta kilichoandikwa kwenye sheria. Ndiyo, inauma. Mkono wa kushoto wa Serikali ulipokea pesa huku mkono wa kulia ukiwa na ramani inayosema hapa hapakaliki. Lakini mbele ya sheria mikono hiyo haiwajibiki kufahamiana.

Watu wengi wa Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya walisimama kwenye hoja hii ya huduma. Waandishi wa habari waliipenda, maana inagusa moyo. Ilikuwa hoja ya haki. Ya kisheria haikuwa.

Mkorosho na makaburi

Tawi nene lilikuwa nyuma ya nyumba.

Baba mdogo aliponunua kiwanja alikuta mikorosho mitatu mikubwa, shina lake watu wawili hawalikumbatii, na pembeni kidogo makaburi manne yaliyozungushiwa mawe. Lililo kubwa lilikuwa la baba yake yule mzee muuzaji. Mzee alikuwa amezaliwa pale pale. Ukimhesabia miaka sabini mwaka 1994, unarudi katikati ya miaka ya 1920, kabla ya sheria ya 1932 haijaandikwa. Kwa lugha ya watu wa barabara: ile familia haikuifuata barabara. Barabara iliikuta.

Na hapo kuna jambo la Operesheni Vijiji. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali yenyewe iliwahamishia watu kwenye vijiji, na nchini kote vijiji hivyo vilipangwa kufuata barabara, ili huduma ziwafikie kwa urahisi. Waliokuwa wametawanyika mabondeni walisogezwa kwenye lami kwa amri. Leo ukimuuliza mtu huyo "nani kamfuata mwenzake?" inabidi jibu liwe na upande wa tatu ambao kauli ile fupi haiujui: wote wawili walipangwa na mtu mmoja.

Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1994 ambayo kila mwenye kesi ya ardhi Tanzania angepaswa kuijua, iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ilihusu familia ya wilaya ya Mbulu iliyopoteza ardhi yake ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji, kisha Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki kama hizo bila fidia. Mahakama ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali kwa maana ya ibara ya 24 ya Katiba, na hainyang'anywi bila fidia inayostahili. Haijalishi huna hati yenye muhuri wa bwana ardhi; kuitumia na kuikalia kwa mila kunatosha kuifanya mali.

Weka hukumu hiyo kando ya mikorosho ile. Kama mzee na ukoo wake walikuwa na haki ya kimila juu ya shamba kabla ya mstari wa hifadhi kuchorwa, basi mstari ulipochorwa kuna kitu cha kwao kilichukuliwa, na mtu anaweza kuuliza kililipwa lini. Swali hilo ni zito kuliko risiti zote za umeme. Halimwokoi baba mdogo moja kwa moja, maana yeye ni mnunuzi wa 1994, na Serikali ingeweza kumwambia: "Mzee wako angedai mwenyewe, wewe ulinunua kilichokwisha kuchukuliwa." Lakini angalau ni ugomvi wa kweli, juu ya tarehe na haki, mahali ambapo hakimu analazimika kufikiri. Ugomvi wa risiti unakwisha dakika ya kwanza.

Nilimwambia hivyo, nimechelewa. Ushahidi wa namna hiyo unahitaji kukusanywa mapema: mashahidi wazee, picha za anga za zamani zinazohifadhiwa na idara ya upimaji na ramani, umri wa miti ya kudumu, makaburi. Yule mzee muuzaji alikuwa ameshafariki. Makaburi yalikuwa yamehamishwa kwa utaratibu wa sheria ya 1969 ya kuhamisha makaburi. Mikorosho miwili ilikuwa imekatwa zamani kupisha choo. Uliobaki mmoja, na chini yake palikuwa na meza ya fundi pikipiki.

Kuvunja kwa mkono

Waliopigwa X nyekundu wana chaguo moja la kibiashara: uvunje mwenyewe au usubiri katapila. Ukivunja mwenyewe unaokoa mabati, mbao za kenchi, milango, madirisha, grili, sinki, nyaya. Ukisubiri, vyote vinakuwa kifusi.

Tulianza Jumamosi asubuhi. Misumari ya bati tuliing'oa kwa mtaimbo na kuiweka kwenye kopo la rangi, baba mdogo hakutaka hata mmoja upotee. Bati 46. Matofali yalikuwa ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji, kwa hiyo mengi yalipasuka. Tuliokoa labda theluthi. Ilipofika mchana wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni, wanapiga nyundo kwenye nguzo za zege kutoa nondo, wanakupa bei ya kilo ukiwa bado unaangalia chumba chako cha kulala hakina paa. Fundi cherehani alikuwa ameshahamisha mashine zake mbili usiku. Alidai arudishiwe kodi ya miezi mitatu aliyolipa mbele, akarudishiwa. Katika hesabu za bomoabomoa wapangaji hawahesabiwi kabisa, na kwenye barabara ile walikuwa wengi kuliko wenye nyumba.

Katapila lilipopita wiki ile lilikuta msingi na kuta za kiunoni.

Kama X ingekuwa ya kijani

Inafaa kuona alichokosa, kwa sababu wengi hudhani fidia ni bei ya tofali tu. Kwa kanuni za 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi, mwenye haki hujaziwa fomu, mthamini anapita na kuhesabu, na fidia inakuwa na vipande kadhaa: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, thamani ya majengo na mazao, posho ya usumbufu inayokokotolewa kwa kiwango cha riba ya amana za benki, posho ya malazi ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36, na upotevu wa faida kwa mwenye biashara, nao kwa miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba mzigo wa tani 12 umbali usiozidi kilomita 20. Tani kumi na mbili! Vyombo vyote vya baba mdogo, pamoja na bati zake 46, vilienea kwenye kirikuu kwa safari mbili.

Mwenye fremu ya duka kando ya barabara kuu hupata sehemu nene kwenye hiyo faida ya miezi 36, kama ana vitabu vya hesabu. Wengi hawana. Hapo ndipo wathamini na wananchi hugombana hata pale ambapo rangi ni ya kijani.

Nani mwingine alikuwa ndani

Sasa upande wa aliyeipanga barabara, ambaye kwenye masimulizi mengi ya bomoabomoa hafikiwi.

Mpango wa barabara ya baadaye una thamani ikiwa tu mtu anayepita kwa miguu anaweza kuuona. Hifadhi ya mita 121.5 ilikaa miongo mingi kwenye gazeti la Serikali na kwenye ramani za ofisini huku ardhini hakuna cha kuionyesha: hapakuwa na nguzo za mipaka zilizosimama kila umbali fulani, wala alama kwenye michoro ya mipango miji iliyokuwa ikitumika kugawa mitaa. Matokeo yake si wananchi peke yao waliojenga ndani. Shule zilikuwa ndani, na ofisi za mitaa, na nyumba za ibada, na vituo vya mafuta vilivyopewa vibali na mamlaka zenye wahandisi. Kule Ubungo, Novemba 2017, Rais John Magufuli aliagiza jengo la Tanesco, shirika la umeme, na la Wizara ya Maji yapigwe X na kuvunjwa sehemu iliyoingia barabarani. Watu walishangilia kwamba sheria imekata pande zote. Mimi nililisoma tofauti: kama shirika la umma lenye idara ya sheria lilijenga makao yake kwenye njia ya barabara, mwalimu mstaafu angejuaje?

Magufuli hakuwa mgeni wa jambo hili. Alikuwa Waziri wa Ujenzi kuanzia 2000 hadi 2005, akarudi tena 2010 hadi 2015, na alama za X zilikuwa saini yake kabla hajawa Rais. Msimamo wake haukubadilika: hifadhi ni hifadhi. Na lazima tukubali alichokipata. Tarehe 19 Desemba 2018 aliweka jiwe la msingi la barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kwa takribani shilingi bilioni 140, fedha za ndani. Hiyo ni kama bilioni 7.3 kwa kilomita. Kwa kuwa ardhi ilihesabiwa kuwa tayari ni ya barabara, mamia ya nyumba na fremu za ukanda ule hazikuingia kwenye bajeti ya fidia. Februari 2021 ikafunguliwa barabara ya juu ya Ubungo na kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis siku moja. Anayekumbuka foleni ya Mbezi saa kumi na moja jioni, ule mstari wa taa nyekundu usiokwisha, hawezi kusema barabara haikuhitajika. Baba mdogo mwenyewe anasema ni barabara nzuri. Huisema akiwa amekaa kiti cha dirishani kwenye daladala, akitazama upande ule.

Ninachobishia ni hesabu nyingine. Njia moja ya gari ni kama mita tatu na nusu. Njia nane ni mita 28. Ongeza mabega, mitaro, njia za waenda kwa miguu, kisiwa cha katikati, vituo vya daladala, hata nafasi ya mabasi yaendayo haraka siku yakija: hufiki nusu ya mita 243. Pita leo uangalie kilichopo pembeni. Miche ya maua na miti ya kivuli kwenye vifuko vyeusi. Malori yamepumzika. Mama lishe, bodaboda, mchanga na kokoto za kuuza. Pale ilipokuwa sebule ya baba mdogo pana vyungu vya saruji vya bustani vilivyopakwa rangi, vinauzwa.

Hapo ndipo naona kosa la mpango. Kuvunja nyumba zilizokuwa zinahitajika kwa ujenzi ni jambo moja. Kusafisha mstari mzima hadi mita ya 121.5 mara moja, bila kutofautisha nyumba ya mita 25 na ya mita 110, ni jambo lingine. Hifadhi ya barabara inaweza kubaki hifadhi huku aliye pembezoni kabisa akiambiwa kwa maandishi: usiongeze hata tofali, usiuze, siku tukihitaji unatoka. Sheria haikumzuia mtu kuwa na subira ya namna hiyo.

Barabara inayofuata

Kisa hiki hakijapoa, kwa sababu baada ya Kibaha mpango unaendelea. Serikali ina mradi wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, kilomita 205, kwa ubia na sekta binafsi, kipande cha kwanza kikiwa Kibaha hadi Chalinze. Viwanja vya Mlandizi, Vigwaza na Chalinze vinauzwa kwa kasi, na madalali wanaitaja barabara hiyo kama sifa ya kiwanja: "Hapa ni lami ya njia sita, bosi."

Wateja wangu wa huko nawaambia mambo machache, kwa utaratibu usio na uzuri wowote. Dalali na mwenyekiti wa mtaa wasikutoshe. Chukua majira (koordineti) ya kona za kiwanja, nenda ofisi ya meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa (ndogo za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA), omba jibu la maandishi kama kiwanja kimeguswa na hifadhi iliyopo au na mchoro wa njia mpya. Jibu la mdomo la kirafiki halitakusaidia miaka kumi ijayo. Angalia ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, si mchoro wa kalamu. Kuna reli ya kisasa, kuna njia za umeme mkubwa, kuna mabomba, na kila kimoja kina hifadhi yake. Uliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: umbali unapimwa kutoka katikati ya barabara ipi? Lami ikipanuliwa kwa upande mmoja, mstari mweupe unahama, na nimeona watu wakipima kutoka kwenye mstari mpya wakapata nafuu ya mita sita ambazo hazipo.

Na ikitokea umeshathaminiwa, jua saa imeanza kuhesabu. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa kuna nyongeza, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo unakufa, inabidi urudiwe. Katikati ya hapo mtu anaishi nusunusu. Hawezi kujenga kwa sababu kilichoongezwa baada ya tarehe ya kukomea kuhesabu mali hakihesabiwi, hawezi kuuza kwa sababu hakuna anayenunua ukuta wenye namba ya mthamini, na benki haimtazami. Paa likivuja anaweka beseni.

Baba mdogo hakupata fidia na hakwenda mahakamani. Wapo walioenda, yeye alisema hela ya wakili ni bati ishirini. Alikaa kwetu miezi minane, kisha akapata kiwanja upande wa Kisarawe, ndani kabisa, mahali ambapo gari dogo linafika kiangazi tu. Siku ya kwenda kukiona alinipitia asubuhi. Alikuwa ameshapita dukani Kariakoo akanunua tepu yake mwenyewe, ya mita 50, bado iko kwenye nailoni.

Muuzaji, mama wa makamo aliyefunga kanga kichwani, alitukaribisha vizuri, akatuonyesha mipaka: mchongoma huu, mnazi ule, jiwe lile. Baba mdogo alimshukuru, akatoka hadi kwenye barabara ya vumbi, akakanyaga sifuri katikati ya alama za matairi, akanipa ncha nyingine nitembee nayo. Nilipofika kwenye mchongoma ilisoma mita 41.

"Barabara hii, mama," akauliza, "ni ya TARURA au ya TANROADS?"

Mama alicheka. "Baba yangu, hii? Hii ni ya ng'ombe."

Hakucheka naye. Aliirudisha tepu taratibu, akiifuta vumbi kwa kitambaa kila ilipoingia kwenye kasha, na akasema tutarudi wiki ijayo akishatoka mkoani kuuliza.